Soga za Sayansi Kando ya Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mwanza

Maswali haya yanazunguka kila siku: kwenye daladala za Igoma na Buhongwa, mwaloni Kirumba, saluni, na pale mtu anaposubiri sato wake aive. Yameanza na mepesi, yanaishia kwa yale yanayozua ubishi. Ukiona umeelekezwa kwenye swali jingine, nenda kalisome, hatutarudia.

## Ya kuanzia

Lazima niwe nimesoma fizikia ndipo nielewe?

Hapana. Ukiwa umewahi kukaa ufukweni jioni ukajiuliza jambo, inatosha.

Nitajuaje habari ya sayansi niliyotumiwa ni ya kweli au imepikwa?

Uliza nani alipima, wapi na mwaka gani. Habari inayoanza na "wanasayansi wamethibitisha" halafu haitaji hata chuo kimoja, iache ipite. Ikimalizia kwa kukuomba uitume kwa watu kumi, hiyo hata usiisome mara ya pili.

Ila usidhani kila la ajabu ni uongo. Ziwa hili lina mambo ambayo ukiyasimulia kwa wageni watakuona mzushi, na bado ni kweli tupu. Anza na swali la kamongo, samaki mwenye mapafu, hapo chini.

Ziwa Victoria ni kubwa kiasi gani, na ni kweli halina mwisho chini?

Lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Rwanda na Burundi zote mbili zingeingia humo na nafasi ikabaki. Kati ya maziwa ya maji baridi duniani, linalolizidi kwa eneo ni Superior la Amerika Kaskazini peke yake.

Kuhusu kutokuwa na mwisho chini, pole. Kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu, na wastani ni mita 40 hivi. Wenzetu wa Kigoma ndio wenye haki ya kujigamba, maana Tanganyika linashuka hadi karibu mita 1,470.

Niliambiwa ziwa hili liliwahi kukauka. Kweli?

Kweli. Watafiti walichimba tope la chini wakakuta tabaka linaloonyesha kwamba miaka kama 15,000 hivi iliyopita pale palikuwa nchi kavu, au karibu na kavu. Baadaye mvua zikarudi, likajaa upya. Kumbuka tarehe hiyo ukifika kwenye swali la furu (wale samaki wadogo wa ziwani), kwa sababu ndiyo inayowakosesha usingizi wanabiolojia.

## Wadudu, ndege na mjusi

Ule moshi unaosimama juu ya maji asubuhi ni nini? Kuna mtumbwi unaungua?

Hakuna kinachoungua. Ni wadudu wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni. Wakiwa viluwiluwi wanaishi kwenye tope la chini. Muda ukifika wanapanda juu, wanavua gamba, wanaruka. Madume hukusanyika na kucheza hewani wakisubiri majike, na kundi moja linaweza kuonekana kutoka mbali sana, likiwa limesimama wima kama nguzo nyeusi kabla upepo haujalisukuma pembeni.

Aina kadhaa hufuata mwezi: hutoka kwa wingi siku chache baada ya mwezi kuandama. Kwa hiyo mama anayefunga madirisha mapema kwa kuangalia kalenda ya mwezi hana ushirikina wowote. Ana takwimu.

Wadudu hao wanauma? Wanaleta malaria?

Hawaumi wala hawaambukizi malaria, ingawa kwa umbo wanafanana na mbu. Wengi wao wakishapata mabawa hawali chochote cha maana. Wanaishi siku chache, wanazaliana, wanakufa, na asubuhi unawafagia barazani kwa ufagio. Tatizo ni kuwavuta puani. Mwenye pumu au mzio afunge dirisha na kupunguza taa ya nje.

Ni kweli kuna watu wanawala?

Ndiyo, tena tangu zamani. Kule Ziwa Nyasa jamaa zao hukamatwa, hupondwa na kukandwa vikawa mikate inayoitwa kungu. Upande wa Kenya wa ziwa letu, watafiti waliwahi kuwasaga na kutengeneza biskuti na vitafunwa vingine. Protini ipo ya kutosha. Kama ungependa kula chapati ya wadudu na chai ya rangi, hilo ni kati yako na mke wako.

Kwa nini korongo wanaorandaranda dampo na sokoni wana miguu myeupe?

Unawajua: warefu, wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, wanasimama juu ya paa utadhani maafisa wa kodi. Miguu yao kwa asili ni ya rangi ya giza. Weupe ule ni kinyesi chao wenyewe.

Korongo hana jasho, kwa hiyo jua likiwaka anajiharishia miguuni. Majimaji yale yakikauka yanaondoka na joto, na damu inayopita miguuni inapoa kabla ya kurudi mwilini. Ni kiyoyozi kisichohitaji LUKU. Hatupendekezi uige.

Yule mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu ni wa kuchorwa kwenye kompyuta?

Ni wa kweli, na ni wa kwetu mpaka kwenye jina: *Agama mwanzae*. Picha zake huzunguka duniani kila baada ya muda watu wakimwita mjusi wa Spider-Man, na kila mara huko nje hutokea anayebisha kwamba hayupo. Nenda Kisiwa cha Saanane au mwamba wowote wenye jua la saa nne asubuhi, utamkuta anapiga pushapu. Mwenye rangi kali ni dume linalotawala mwamba. Majike ni ya kahawia. Akibanwa na hofu au baridi, rangi hufifia.

Hapohapo Saanane utaona pimbi, anayefanana na panya mnene. Ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Ukibishana na mtu kuhusu hilo, weka dau kabisa.

## Samaki

Kwa nini wavuvi wa dagaa hupumzika wakati wa mbalamwezi?

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola. Taa inafanya kazi kwa sababu kote kwingine ni giza: vijidudu vya majini husogelea mwanga na dagaa huvifuata, halafu wavu unazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haina tena cha kuwashawishi. Dagaa wanatawanyika.

Ndiyo maana siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupandishwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, na bei ya ndoo pale Kirumba inaanza kusumbua. Anayenunua dagaa kwa jumla bila kujua mwezi uko wapi anafanya biashara akiwa amefumba macho.

Kuna samaki aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere?

Yupo. Ni furu mdogo, *Pundamilia nyererei*, aliyetambulishwa kisayansi mwaka 1985 na watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakifanya kazi hapa Mwanza. Dume ana mgongo mwekundu na michirizi myeusi ubavuni. Anapatikana kwenye visiwa vya miamba, kikiwemo Makobe.

Utamu wa habari yake uko kwa jirani yake. Kwenye miamba hiyohiyo yupo *Pundamilia pundamilia*, ambaye dume lake lina rangi ya kibluu. Wa bluu anakaa juu, Nyererei anakaa chini kidogo. Maji ya ziwa yana chembechembe zinazomeza mwanga wa bluu, kwa hiyo kadiri unavyoshuka mwanga unaobaki ni mwekundu zaidi. Majike wa chini wana macho yanayoona wekundu vizuri, basi wanachagua madume mekundu. Wa juu wanachagua bluu. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walilichapisha hilo mwaka 2008 kwenye jarida la *Nature*, na tangu hapo wanafunzi wa mageuzi ya viumbe duniani kote wanasoma kuhusu visiwa tunavyoviona tukiwa kwenye feri.

Mahali maji yalipochafuka sana kwa tope na mwani, majike hawatofautishi tena, na aina hizo mbili zinachanganyika. Uchafu wa mto unaweza kufuta aina ya samaki bila kumuua hata mmoja.

Furu wako wa aina ngapi?

Zilikuwa 500 au zaidi, nyingi hazipatikani popote pengine. Sasa rudi kwenye swali la ziwa kukauka: kama lilijaa upya miaka 15,000 hivi iliyopita, basi hao wote wametokea ndani ya muda ambao kwa mageuzi ni kufumba na kufumbua. Jibu linalokubalika sasa ni kwamba hawakuanza na mzee mmoja. Mababu wa kutoka mito tofauti walichanganya damu, na mchanganyiko huo ndio uliowapa watoto wao rangi, taya na macho ya kila namna.

Sangara alikuwepo tangu enzi?

Hapana, ni mhamiaji. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akatulia, halafu miaka ya 1980 akafumuka. Aina kama 200 za furu zilipotea au zikawa haba mno, ingawa sangara hakuwa peke yake. Maji machafu nayo yalichangia, kama ilivyoelezwa kwenye swali la Nyererei. Tangu sangara apungue kwa kuvuliwa, baadhi ya furu wamerudi.

Yale mabondo yanayouzwa ghali kuliko nyama yake ni kifuko cha hewa kinachomsaidia kuelea. Huko Asia ni chakula cha heshima. Hapa mtu akikuuzia kama dawa ya kila kitu, mkumbushe swali la pili la ukurasa huu.

Kamongo anaweza kufa maji?

Anaweza, na hutokea. Kamongo ana mapafu, na akiwa mkubwa matamvua yake hayatoshi kumpa hewa. Ni lazima apande juu kupiga funda. Akinaswa kwenye wavu uliozama na asiweze kupanda, anakufa maji huku amezungukwa na maji. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba kinamasi kikikauka, yeye hujichimbia kwenye matope na kusubiri mvua.

## Mawe na anga

Nani aliyapanga mawe ya Mwanza?

Hakuna aliyeyapanga, wala hayakudondoka kutoka angani. Ni matale (graniti) yaliyopoa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita. Yalipasuka kwa nyufa zinazokatana, maji yakapenya na kuyala taratibu yakiwa bado yamefukiwa. Kipande cha sabuni kilichosahaulika kwenye maji huisha pembe kwanza, kinabaki mviringo. Na jiwe ni hivyohivyo. Baadaye mvua ikaosha udongo uliolainika, mawe yakabaki yamekaliana palepale yalipokuwa.

Jiwe la Bismarck, lile lililokaa juu ya mawe mengine ziwani hapa Mwanza, litaanguka lini?

Kila mgeni anauliza. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilisikika mpaka huku, na jiwe halikujali. Pale lilipokaa ndipo lilipochongwa (soma jibu lililotangulia). Halikuwekwa juu na mtu likawa linatafuta mizani. Litaanguka siku moja, lakini usiahirishe harusi ya kupigia picha pale.

Kwa nini radi za ziwani hupiga zaidi usiku?

Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani kwenda bara, mawingu yanajengeka huko. Usiku mambo yanageuka. Nchi inapoa, maji bado yana joto, upepo unatoka pande zote za ufuko na kukutana katikati ya ziwa. Hewa ikikutana haina pa kwenda ila juu, na inakwenda juu ikiwa imejaa unyevu. Matokeo yake ni mvua kubwa yenye radi kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa ileile mvuvi wa dagaa yuko mbali na nchi kavu. Hili halichekeshi. Utabiri wa hali ya hewa ukisema usitoke, usitoke.

## Habari za kuchekesha kutoka nje, zinazotuhusu

Ig Nobel ni nini? Ni Nobel ya bandia?

Ni tuzo zilizoanza kutolewa Marekani mwaka 1991 kwa kazi zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha. Kazi zenyewe ni za kweli na zimechapishwa. Mwaka 2006 walipewa watafiti walioonyesha kwamba mbu jike wa malaria anavutiwa sawasawa na harufu ya miguu ya binadamu na ya jibini ya Limburger. Watu walicheka, lakini harufu ya miguu ikawa chambo cha mitego ya mbu, na Taasisi ya Afya Ifakara ni miongoni mwa waliofika mbali katika hilo.

Ni kweli ukimpaka ng'ombe rangi awe kama pundamilia hang'atwi na nzi?

Anang'atwa kidogo. Wajapani waliwachora ng'ombe weusi michirizi myeupe, wakahesabu nzi wanaouma, wakakuta wamepungua kwa karibu nusu. Kazi ilichapishwa 2019, ikapata Ig Nobel 2025. Michirizi inaonekana kumchanganya nzi anapotaka kutua.

Kwa Usukumani swali lililobaki ni la hesabu: mwenye ng'ombe 200 atanunua ndoo ngapi za rangi, na nani atawashika? Rangi ikifutika, unaanza upya. Ng'ombe wa Wajapani walikuwa sita.

Mijusi wanaopenda piza nao je?

Ni Togo, kwenye hoteli ya pwani. Mijusi jamii ya yule wa kwetu walionekana kuipendelea piza ya jibini nne na kuzipuuza nyingine. Hiyo nayo ni Ig Nobel ya 2025. Wa Saanane bado hajapelekewa.

Nichemshe juisi kwanza ili barafu zigande haraka? Si ndiyo fizikia ya Mpemba?

Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Tanga, mwaka 1963, alipoweka maziwa ya moto kwenye friza akihofia kukosa nafasi, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimkejeli. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Dk. Denis Osborne aliyekuja kutoka Dar es Salaam kutoa mhadhara. Wenzake walicheka, Osborne akaenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja.

Sasa ugomvi: wapo waliolipata jambo hilo, na wapo waliopima kwa uangalifu, kama Burridge na Linden mwaka 2016, wasilione. Sababu zinazotajwa ni mvuke, hewa iliyomo kwenye maji, mzunguko wa joto, na barafu ya friza inayoyeyuka chini ya chombo cha moto kikakaa vizuri zaidi. Kwa muuza barafu wa Nyegezi ushauri wetu ni mmoja: poza kwanza. Chombo cha moto kinayeyusha barafu za jirani na kula umeme wako.

## Maswali ya pembeni

Kuna siku Mwanza mtu hana kivuli?

Zipo mbili kwa mwaka. Tuko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini karibu na tarehe 14 Machi na tarehe 29 Septemba. Simamisha chupa: Machi karibu saa saba mchana, Septemba karibu saa saba kasoro dakika ishirini. Kivuli kitajificha chini ya chupa.

Mbona si saa sita kamili? Na kwa nini Dar wanafuturu kabla yetu?

Sababu ni ileile. Saa ya Tanzania imepimwa kwa mstari ulio mashariki mwetu sana, nyuzi 45 za longitudo, na sisi tuko karibu nyuzi 33. Kila nyuzi ni dakika nne. Dar iko mashariki yetu kwa zaidi ya nyuzi sita, hivyo jua lao linatua mapema kwa dakika kama 25. Usifungulie kwa adhana ya redio ya Dar.

Maji ya sinki huzunguka upande gani hapa?

Upande wowote. Mzunguko wa dunia hausumbui sinki. Kinachoamua ni umbo la sinki na mkono uliomimina. Wale wanaoonyesha watalii maji yakigeuka hatua chache kutoka mstari wa ikweta, Kenya na Uganda, wana ufundi wa kumimina. Wape kidogo, wanafanya kazi.

Nasikia kamongo ana DNA nyingi kuliko binadamu. Ana akili zaidi?

Kamongo wa kwetu amekadiriwa kuwa na herufi za DNA kama bilioni 130. Wewe una bilioni 3 na kidogo. Sehemu kubwa ya zake ni vipande vinavyojinakili tena na tena kwa vizazi, na hakuna aliyevifuta. Wingi wa maandishi hauna uhusiano na akili, jambo ambalo aliyewahi kukaa kwenye kikao cha harusi analijua.

Nikitema mate ziwani Mwanza, yatafika Misri?

Kwanza, usiteme. Pili, uwezekano ni mdogo. Ziwa linapata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na takriban robo tatu au zaidi ya yanayoondoka hupaa kama mvuke. Yanayotoka Jinja, Uganda, na kuingia Nile ni sehemu ndogo, kilomita za ujazo kama 30 hadi 40 kwa mwaka, kati ya karibu 2,700 zilizomo. Tone lako linaweza kuzurura humu miaka na miaka, na likiondoka kuna nafasi kubwa liende juu badala ya kaskazini. Likifanikiwa kushika njia ya Nile, bado kuna vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini vinavyopoteza karibu nusu ya maji yanayopita, halafu Bwawa la Aswan chini ya jua la jangwa. Wamisri wana mambo mengi ya kuwatia wasiwasi, mate yako si mojawapo.